Makaburi Yako Kule

Tangu utotoni tulionywa kwamba ukilinyooshea kaburi kidole, kidole kitaoza. Kwa hiyo wapimaji wa mpango wa matumizi ya ardhi walipokuja kijijini kwetu, jirani na Mbegani, wakamwomba mume wangu Twalib awaonyeshe makaburi yalipo, aliinua kidevu tu kuelekea pwani.

"Kule," alisema.

Makaburi yetu hatuyajengei. Ni mirehani na mawe machache, mgeni hayaoni. Mwanamume mzima, anaogopa kidole. Na mimi niliyesimama nyuma yake sikunyoosha changu.

Ramani ilipobandikwa ofisi ya kijiji, makaburi yalichorwa kwenye mikoko. Pale alipolala binti yetu Hajra paliandikwa machimbo ya mchanga. Tulilalamika, tukaambiwa mpango umekwisha kupitishwa.

Jana tingatinga lilifika. Twalib alisimama mbele yake, akanyoosha kidole chini.

"Mwanangu yupo hapa."

Dereva alizima mashine, akashuka.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa adabu. Akaitazama karatasi yake, kisha akanyoosha kidole kwenye mikoko, bila woga wowote.

"Makaburi yako kule."