Kifungo cha Pili

Ukutani, karibu na swichi, kuna misumari miwili. Mmoja ulikuwa na kifungo kikubwa cha koti, cheusi, kilichofungwa uzi wa kutundikia. Wa pili ulikuwa mtupu, nasi tulishajifunza kuupita bila kuutazama.

Kaka yangu ndiye aliyeipigilia. Chumba chetu cha ushonaji kina pasi tatu, ya mama, ya shangazi na yangu, lakini nyaya zake zimezeeka. Pasi tatu zikiwaka pamoja, fyuzi inakatika na cherehani zote zinanyamaza. Tuligombana kila siku, kila mtu akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Kaka alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Alicheka, akasema ugomvi wetu anaujua, maana analipwa kuuamua. Ndani ya programu moja, alituambia, kazi nyingi huenda kwa wakati mmoja, na vitu vya kutumia ni vichache. Kwa hiyo huwekwa vibali. Anayetaka huchukua kibali, akimaliza hukirudisha, na asipokikuta hungoja. Mpango huo aliuita semafora. Kwetu ulikuwa vifungo viwili: huna kifungo mfukoni, huwashi pasi.

Shangazi alimtania kwamba amesoma miaka yote hiyo ili aje kututundikia vifungo. Lakini fyuzi haikukatika tena.

Kaka alikuwa mpole, isipokuwa kwa jambo moja. Kifungo kikipotea, alisema, tusiweke kingine mpaka tujue cha kwanza kiko wapi. Kikirudi vitakuwa vitatu, na nyaya hazitauliza nani alikosea.

Asubuhi ile alichukua kifungo, akakitia mfukoni mwa suruali, akaanza kupiga pasi shati lake la kazini. Alipofika kwenye mkono wa kushoto alisimama, akajishika paji la uso. Kichwa kilikuwa kinamgonga, na muda ulikuwa umekwenda. Akazima pasi, akalivaa shati hivyo hivyo. Nilimwambia kulia anaonekana mkurugenzi, kushoto ametoka kitandani sasa hivi.

"Basi wenzangu kazini nitawaonyesha upande wa kulia," akasema, akatoka.

Mshipa wa kichwa ulipasuka akiwa mezani kwake kazini. Hospitali ilitukabidhi nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki uliopigwa fundo. Mama aliutundika nyuma ya mlango wa chumba chake, na fundo likabaki kama lilivyokuja. Sote tulijua kifungo kimo humo.

Wageni wa msiba walipokwisha kwenda zao, tulirudi kwenye cherehani, na kwenye majoho ya mahafali ambayo chuo kimoja kilikuwa kimetuagiza. Joho lina marinda mabegani na mgongoni, na rinda lisilopigwa pasi ni kazi bure. Tukawa watatu kwa kifungo kimoja. Mmoja anapiga pasi, wawili wamekaa na nguo mapajani. Chuo kikatuma mtu kutuambia kwamba tukiendelea kuchelewa, majoho yaliyobaki yatapelekwa kwa fundi mwingine. Na kazi ikishahama hairudi, hilo tulilijua bila kuambiwa.

Shangazi alivumilia, kisha akavuta kopo la vifungo. Katika chumba chetu vifungo viko tele, unavikanyaga. Alichagua kimoja cheusi, akakitia uzi.

Mama hakuinua kichwa. "Yeye alisema tusiongeze mpaka tujue cha kwanza kiko wapi."

"Wifi," shangazi akasema kwa sauti ya chini, "tunajua kiko wapi."

Cherehani ya mama iliendelea kwenda. Shangazi alikaa na kile kifungo kiganjani, halafu akakirudisha ndani ya kopo. Nami nikaelewa kwamba mama hakuwa anaogopa nyaya. Kuweka kingine kungekuwa kusema kwamba mwenye kifungo hatakirudisha.

Siku chache baadaye alikuja mwenzake kaka wa kazini, kijana mwembamba wa miwani, ametuletea kikombe cha kaka na sweta yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, hajui mikono aiweke wapi. Alipoishiwa na pole alianza kusimulia kazi. Kuna programu ya kaka ambayo sasa kijana huyo ndiye aliyekuwa anaimalizia, na ilikuwa inaganda. Kumbe kazi moja ndani yake ilichukua kibali, ikafa nacho.

Mama alikuwa anammiminia chai. "Na zile nyingine?"

"Zinangoja tu, mama. Hazina habari kwamba mwenzao hayupo. Zingengoja hata milele."

"Kwa hiyo mnafanyaje?"

"Mtu anaingia mwenyewe," alisema, "anakirudisha kwa niaba yake."

Mama alijaza kikombe mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikuwa na kifungo, anapiga pasi marinda. Mimi nilikuwa nangoja, joho mkononi. Mama aliingia na lile shati la kaka begani. Lilikuwa limejikunja lote, hungeweza kutambua wapi pasi iliwahi kupita. Alilitandaza mezani, akaniuliza, "Mkono upi?"

"Wa kushoto, mama."

Akawasha pasi yake. Akaunyoosha mkono ule mmoja tu, polepole, kutoka begani hadi kwenye pindo lake, akazunguka kifungo kidogo cha mwisho kwa ncha ya pasi. Shangazi alikuwa ameacha kufanya kazi. Mama alizima, akalitundika shati kwenye kiango, katikati ya majoho. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akaenda ukutani, akakiangika kifungo kwenye msumari wa pili.

"Nani anangoja pasi?" akauliza, uso wake ungali ukutani.

Nilikuwa mimi. Nilisogea nikakichukua. Kilikuwa bado na joto la mfuko.