Mende wa Mama Mkwe

Kazi ni kazi, lakini ya huyu bwana ilikuwa kichekesho: mchana anaua mende, jioni anawafuga. Mtaa mzima ulimwita Puliza, maana hapakuwa na nyumba ambayo hajaiingia na bomba lake la dawa mgongoni. Halafu nyumbani kwake, stoo, kulikuwa na beseni limejaa trei za mayai, na ndani ya trei hizo mende wanene wanakula karoti bila wasiwasi. Ukingo wa beseni aliupaka mafuta ya mgando, wakitaka kutoroka wateleze.

Wote hao walikuwa chakula cha Meneja. Meneja ni mjusi. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alimpa jina hilo kwa kuwa kazi yake ni kukaa na kutazama wengine wakihangaika. Mzee alipofariki, mama mkwe alihamia kwa binti yake, mke wa Puliza, akiwa amekumbatia boksi la kioo lenye Meneja ndani. Panzi anamtema, nyama haigusi. Anataka mende, tena awe hai.

"Siku Meneja akifa, nahamia kwa dada yako," mama mkwe alimwambia binti yake. "Siwezi kukaa bure na huyo muuaji wa mende."

Puliza mwenyewe hakuambiwa kitu. Salamu yake ilijibiwa kwa kikohozi. Na jamani, mama yake alikufa yeye hata hajaanza kutembea. Alitaka huyu mama abaki kuliko kitu chochote duniani.

Sasa sikia balaa. Jumamosi hiyo alirudi kazini hoi, akasahau kuvua ovaroli yenye dawa, akazamisha mikono kwenye beseni kubadilisha trei. Kunywa maji na kurudi, loo! Mende wote chali, miguu juu.

"Umefanya nini?" mkewe akauliza.

"Ovaroli."

"Nenda ukaoge, kisha utafute wengine kabla mama hajaamka. Meneja alikula juzi, na leo ndiyo siku yake!"

Akaoga mpaka ngozi ikamwasha, akavaa shati la kwendea harusini, lililokuwa halijawahi kukaribia dawa, akashika chupa na kuanza kupiga hodi.

"Shikamoo, mama. Samahani, mende mnao?"

"Hata wa kutazama! Umetusafisha, mwanangu, ubarikiwe."

Nyumba ya pili baraka, ya tatu baraka. Akailaani kazi yake. Nani alimtuma awe hodari hivyo?

Ikabaki mgahawa mmoja tu. Mwenye mgahawa hakuwahi kumruhusu apulize, naye Puliza kwa hasira alishamtangaza mbele ya wateja kwamba jiko lake ni makao makuu ya mende.

"Umekuja kunitukana tena?" mwanamke akamuuliza, mwiko mkononi.

"Hapana, dada. Nimekuja kuomba mende."

"Toka! Hapa hakuna mende!"

Wateja wakaacha kutafuna. Puliza akashusha sauti. "Dada yangu, nisamehe. Hata watano tu. Ni wa mama mkwe."

"Mama mkwe wako anakula mende?"

"Mjusi wake! Asipokula atakufa, na mama ataondoka."

Mwanamke akamkazia macho, kisha akamvuta shati hadi jikoni. "Ukimwambia mtu, nitakukaanga," akanong'ona, akamwonyesha chini ya kabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Puliza alilala kifudifudi kabisa, shati la harusini likafagia masizi ya miaka.

Aliporudi, mama mkwe ameshaamka, ameketi mbele ya kioo. Puliza akamimina mende wawili. Meneja akageuza jicho moja, akafikiri weee, kisha ulimi ukatoka. Wa kwanza akaenda, na wa pili.

Mama mkwe akamtazama mkwewe, tandabui kichwani, masizi kifuani.

"Marehemu mume wangu naye alikuwa akichelewa akienda kumtafutia mende," akasema, "lakini hakurudi mikono mitupu. Kaa, mwanangu."

Puliza akakaa sakafuni, machozi yanamtiririka, na mende aliyetoka kwenye chupa akampanda kolani taratibu. Hakumuua.