Doris Aota Manyoya

Kwa miaka arobaini Clarrie Mulhearn alinyoa kondoo, na alipostaafu katika mji mdogo wa Narrandera mikono yake haikujua kukaa bure. Basi watu wa mtaa wakawa wanamletea kasuku wao awapunguze manyoya ya mabawa wasiruke. Kwake ilikuwa kazi ya kinyozi tu: humuumizi mtu, na yataota tena. Kasuku wake mwenyewe, Doris, mwenye kifua cha waridi na mgongo wa kijivu, alikatwa manyoya kila yalipoota. Miaka kumi na moja alizunguka nyumba kwa miguu, kama mama mkwe anayekagua vumbi.

Kisha Clarrie akaanguka ngazini akizibua mifereji ya paa. Bega likapasuliwa, mkono ukafungwa miezi mitatu. Mkewe, Noreen, aliombwa ashike mkasi, akakataa.

"Sijawahi kumnyoa mtu, sianzi leo."

Manyoya yakaota. Asubuhi moja Doris aliruka kutoka kitini akatua kwenye fimbo ya pazia, akabaki pale ameduwaa kana kwamba amesukumwa. Wiki moja baadaye nyumba ilikuwa yake. Alichukua meno ya bandia ya Clarrie kwenye glasi, akapanda nayo juu ya kabati, akayatafuna taratibu huku mwenye meno akimtukana kwa ufizi mtupu. Noreen alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Cheka tu," alisema Clarrie alipoyapata. "Daktari akinifungua, nayakata hayo manyoya."

"Kwa nini?"

"Kwa usalama wake, mama. Kuna feni. Kuna paka wa jirani. Mlango ukiachwa wazi, kwaheri."

"Feni ina swichi na mlango una kitasa. Wewe ulianguka ngazini, mbona sijakukata miguu?"

"Mimi si ndege."

"Hilo nililiona ulipokuwa unashuka."

Bega lilipopona Clarrie alitandika taulo mezani, akanoa mkasi, akamwita Doris. Akaja akiruka, akatua juu ya taulo. Halafu, kabla hajaguswa, akakunjua bawa la kushoto na kungoja, kama alivyozoeshwa. Clarrie akalishika. Manyoya yalikuwa marefu na mazima. Hakuwahi kuyaona hivyo, maana siku zote aliyawahi. Noreen aliacha kumenya viazi. Aliutazama mkasi, na hilo lilimuudhi Clarrie kuliko maneno.

"Angening'ata ningemkata," alisema mwishowe, akakunja taulo.

Jumamosi jirani yao Trevor alikuja na kasuku wake mdogo mwenye kishungi, naye akatwe kama kawaida. Aliusukuma mlango kwa mgongo, akauzuia kwa mguu ili apitishe tundu la ndege. Doris akapita juu ya kofia yake, huyo.

Alikaa juu ya mkaratusi mchana kutwa. Clarrie alisimama chini na biskuti, akiita kwa sauti laini ambayo mtaa haujapata kuisikia.

"Unachumbia tena, Clarrie?" aliuliza mwanamke mmoja aliyepita na mbwa.

Likaja kundi la kasuku wa porini, rangi ileile, na Doris akalifuata mpaka wakapotea nyuma ya maghala ya ngano. Clarrie akaketi kwenye nyasi.

"Ndiyo maana tunawakata," alisema Trevor.

"Nyamaza, Trevor. Mlango uliufungua wewe."

Jioni Doris akarudi peke yake, ana kiu, akatua juu ya tundu la kasuku wa Trevor lililokuwa bado nje na kuanza kupiga kelele za kudai maji. Clarrie alimbeba ndani kifuani, hakumgombeza.

"Sasa huyu wangu je?" Trevor aliuliza. "Utamkata?"

Clarrie alimtazama yule mdogo ndani ya tundu, kisha mikono yake mwenyewe.

"Sijui, ndugu yangu. Leo usiniulize."

"Ingieni mnywe chai," Noreen aliita kutoka jikoni, "na mtu afunge huo mlango."