Fungu la Greve

Asubuhi aliyokwenda kumchukua Ingegerd, Torgeir alijipulizia manukato mengi hata dereva wa basi akafungua dirisha. Hakujali. Mzee wa miaka sabini na ushee, mgane wa siku nyingi, na leo mwanamke anahamia kwake! Nyumba kaipaka rangi, mapazia kabadilisha, na jikoni katandika godoro jipya kabisa, la mbwa. Mji mzima wa Mysen ulikuwa na habari, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeutangazia.

Ingegerd alikuwa Mswidi wa Årjäng, ng'ambo ya mpaka. Walikutana kwenye dansi ya Jumamosi. Torgeir alikuwa amevuka kununua bekoni, kama Wanorwe wote wa mpakani wanavyovuka kununua bekoni, maana kwa Waswidi nyama ni rahisi na tamaa haina breki. Akakanyagwa mguu na mwanamke aliyevaa viatu vyekundu. Badala ya kuomba radhi, yule mwanamke akamwambia, "Na wewe ondoa miguu yako njiani, baba." Kwisha habari yake. Tangu siku ile akawa anasahau hata kuzima jiko.

Alipomwomba ahamie kwake, Ingegerd alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kwanza, Greve anakuja. Akikataliwa mpakani, na mimi nimekataliwa."

"Greve ni kama mwanangu," Torgeir akajibu upesi, ingawa mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa kama ndama na alikwisha kumlia kofia.

"Halafu sitaki uongo. Hata wa mchezo. Marehemu Rune alinidanganya mpaka akaingia kaburini. Kila Jumapili anakwenda kuvua samaki, na ndoana hana! Nikisikia uongo mmoja, Torgeir, nageuza gari."

Torgeir akaapa. Siku zilizofuata ikawa ni simu tu. Greve amechomwa sindano? Amechomwa. Pasipoti yake imetoka? Imetoka, na picha kapigwa, katoa ulimi. Iliyomnyima raha Torgeir ilikuwa dawa ya minyoo, ambayo lazima mbwa aimeze mbele ya daktari siku chache kabla ya kuingia Norwe, si mapema mno wala si dakika za mwisho.

"Amemeza?"

"Amemeza."

"Hakukitema kidonge?"

"Daktari kamshika taya mpaka kimeshuka! Wewe mzee, mimi mwenyewe hujawahi kuniuliza kama nimekula."

Basi siku yenyewe ikafika. Gari la Ingegerd lilijaa masanduku, vyungu vya maua na viti viwili vya marehemu mama yake, na nyuma kabisa Greve akalala juu ya tandiko lake, analia. Ndivyo alivyo: gari likiwaka, Greve analia mpaka lizimwe. Ingegerd akashika usukani, Torgeir akashika pasipoti ya mbwa kwa mikono miwili, na wakatoka wakiimba, huyu kwa Kinorwe na yule kwa Kiswidi, mbwa akiwajazia sauti ya tatu. Moyo wa Torgeir ulikuwa unaruka. Alitaka kufungua dirisha awapigie kelele ng'ombe wa watu.

Walisimama Töcksfors, mahali pa mwisho kabla ya mpaka, Ingegerd atie petroli. Laiti wasingesimama.

"Naenda chooni mara moja," Torgeir akasema. Na kweli alikusudia choo. Lakini miguu ilikuwa imezoea njia yake miaka na miaka, ikampeleka moja kwa moja dukani, kwenye bekoni. Akajichukulia kilo zake kumi, haki ya kila msafiri. Akamchukulia Ingegerd kumi zake. Hapo mtu mwenye akili zake angekwenda kulipa. Torgeir akasimama, akafikiri: sisi tuko watatu. Greve ana pasipoti. Mwenye pasipoti si msafiri? Akaongeza pakiti kadhaa, fungu la Greve, akalipa, akaona ametenda haki kabisa. Ingegerd alikuwa bado kwenye foleni ya kahawa. Torgeir akaenda garini, akainua tandiko la mbwa, akasukumia zote chini yake, akarudi kukaa kama mtu anayetoka kanisani.

"Chooni kulikuwa na watu?" Ingegerd akauliza, akimpa kahawa.

"Foleni, usiseme."

Ingegerd akamtazama kidogo, akawasha gari.

Sasa, Torgeir maisha yake yote mpakani Ørje alikuwa mtu wa njia ya kijani, ya wasio na cha kutangaza. Alikuwa anapita akipiga mluzi. Lakini mwenye mbwa hana ujanja, lazima aingie njia nyekundu, asimame, akaguliwe. Jambo hilo alilijua wiki zote zile, na lilimtoka kichwani palepale alipoona bekoni. Lilimrudia alipoliona bango jekundu.

Ofisa wa forodha alikuwa binti mwenye nywele za kusuka na uso wa upole. Akapitisha kifaa chake cha kusoma chipu ya utambulisho shingoni mwa Greve, kikalia. Akafungua pasipoti. Torgeir akaacha kupumua.

"Sindano ipo. Dawa ya minyoo ipo, na wakati wake ndio huu. Safi. Karibu Norwe, Greve!"

Torgeir alitaka kumkumbatia. Imekwisha! Amepita! Ingegerd anakuja nyumbani!

"Mna kitu kingine cha kutangaza?"

Ingegerd alimgeukia Torgeir. "Muulize huyu mzee."

"Hatuna," Torgeir akasema. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

"Haya, safari njema."

Gari likaanza kwenda, polepole. Mbele kulikuwa na mzunguko wa barabara, na baada yake Mysen, mapazia, godoro. Amevuka salama, hakuna aliyemshika. Akamtazama Ingegerd. Haimbi tena. Na Torgeir akajiona yeye ndiye yule Rune, anatoka mlangoni bila ndoana.

"Simama!" akapiga kelele. "Simamisha gari! Nimedanganya!"

Akatoka gari likiwa bado linajikokota, akamkimbilia yule binti, mikono juu. "Bekoni! Chini ya mbwa! Nimezidisha! Nilimhesabu na mbwa!"

"Umemhesabu nani?"

"Mbwa! Si ana pasipoti?"

Madereva wa foleni wakatoa vichwa madirishani. Yule binti akauma mdomo asicheke. "Mzee wangu, mbwa hana haki ya bekoni."

Wakafungua mlango wa nyuma. Greve alikuwa ameketi ametulia, ndevu zinang'aa mafuta, na kando yake matambara ya plastiki yaliyolambwa yakatakata. Kilichosalia kikapandishwa kwenye mzani. Yule binti akautazama, akautazama tena.

"Mko ndani ya haki yenu. Fungu lake keshakula mwenyewe." Hapo kicheko kikamshinda. "Nendeni, bwana. Ila mpeni maji, atakuwa na kiu huyo!"

Torgeir akarudi kukaa. Greve alikunywa bakuli zima, akataka jingine. Ingegerd akaondoa gari.

"Unauona ule mzunguko?" akasema. "Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nakushusha kituo cha basi, nauzunguka, mimi na Greve tunarudi kwetu."

"Ulijua?"

"Torgeir, tangu Töcksfors Greve hajalia. Greve! Nimetazama kwenye kioo, namwona anajilamba. Nikasema ngoja, nimpe nafasi huyu mzee."

Wakaingia kwenye mzunguko. Njia ya Mysen ikaja, Ingegerd akaipita. Ikaja njia ya kurudi Uswidi. Torgeir akafumba macho. Alisikia gari likizidi kupinda, likapinda tena, kisha likanyooka, akaogopa kutazama. Alipofumbua, kibao cha Mysen kilikuwa kinapita dirishani.

"Ule mzunguko mmoja wa ziada," Ingegerd akasema, akimpiga kofi la kuuma gotini, "ni wa choo chako chenye foleni."