Kisima cha Sudi

Pale kijijini Kanga huchoti maji ya kisima cha Bi Mwanasiti bila kusema, "Mungu amrehemu Sudi." Ndilo sharti pekee aliloweka. Sudi alikuwa mwanawe wa pekee, bahari ikamchukua. Mama akauza minazi yake akamchimbia kisima nyuma ya nyumba, kiwe sadaka yenye kuendelea. Kila ndoo ikipanda, marehemu anaandikiwa thawabu. Bi Mwanasiti hukaa dirishani kusikiliza, wala hachoki.

Sasa mwaka jana jirani yake, Mfaume, akachimba choo hatua kumi tu kutoka kisimani. Nani alimruhusu? Bi Mwanasiti mwenyewe, kwa huruma. Tangu masika kuhara hakukukatika mtaani, naye, mtu mzima si mjinga, akaanza kunywa maji ya kuchemsha. Wenzake hakuwaambia. Loo, aibu iliyoje!

Ndipo akaja Warda, binti wa afya kutoka Kilindoni, na vichupa vyake vyenye karatasi ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Warda akaeleza: maji yakiwa na uchafu wa chooni, siku mbili tu yatageuka meusi humo kichupani, na hapo itakuwa marufuku kuyanywa. Akanyoosha mkono kuchukua ndoo akachote.

"Ebo! Mgeni achote maji kwangu, nami ni hai? Kaa hapo barazani."

Binti alifundishwa kuchota mwenyewe. Lakini utamwambiaje mtu mzima kwamba humwamini? Akakaa. Bi Mwanasiti akapita ndani, akarudi na kata imejaa maji. Ya birika lake, yaliyochemshwa asubuhi.

Siku ya tatu Warda akarudi na kichupa. Maji meupe, hayana hata doa. Wanawake wakapiga vigelegele pale kisimani.

"Basi wanangu ni maembe mabichi yanawaendesha!" akasema Kijakazi, mama wa mapacha wa nyumba ya pili. Bi Mwanasiti akacheka pamoja nao, na roho inamsuta.

Warda alikuwa na kiu ya njiani. Akachota, akainua kata mdomoni.

"Mungu amrehemu Sudi," akasema.

Bi Mwanasiti akaipiga kata ile ikaanguka chini.

"Usinywe! Maji niliyokupa hayakuwa ya kisima. Yalikuwa ya birika langu."

Kijakazi akamsogelea. "Wanangu wanaharisha miezi mitatu, Bi Mwanasiti. Ulijua?"

"Nilijua."

Safari hii Warda alichota mwenyewe, na siku mbili hazikuisha maji yakawa meusi tii. Kisima kikaandikwa kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Mfaume akaanza kufukia choo chake. Maji ya kunywa watu wakayafuata mbali, msikitini, na Bi Mwanasiti akafunga dirisha. Nani tena wa kumtaja mwanawe?

Juma likapita. Asubuhi moja akasikia ndoo inagonga maji, akachungulia kwenye ufa. Ni Kijakazi, na beseni la nguo za wanawe, kanuna vilevile, nyumba hata haitazami. Akavuta kamba mpaka ndoo ikafika juu.

"Mungu amrehemu Sudi," akasema, akamimina maji juu ya nguo na kuanza kufua.

Nyuma ya dirisha Bi Mwanasiti akaangua kilio.