Tundu la Nane

Mume wangu Kagwe alilala siku tisa, na kila siku nilimgeuza kama gunia la viazi. Mgongo ulimkamata akiwa amebeba kahawa mbichi kwenye shamba tulilofanyia kazi, Gitothua, hapa Ruiru. Nyapara alikuja akasimama mlangoni, hata habari hakuuliza.

"Jumatatu majina yakiitwa asiposimama, mtarudi rizavu."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari. Mkikuyu asiye na mwajiri wa kumtilia sahihi kwenye kitabu cha kazi alitupwa huko rizavu, kwenye vijiji vya seng'enge, na mimi nilikuwa na watoto watatu, mmoja angali ananyonya. Niliogopa mpaka maziwa yakanikauka.

Ndipo jirani yangu Mbula, Mkamba, akaniambia habari za Limu. Limu alikuwa Mchina, fundi wa mashine za kukoboa kahawa kule Thika, aliyejua pia kutibu kwa njia za kwao. Aliishi Pemba miaka mingi kabla ya kuja bara, na Kiswahili chake kilitutia aibu. Alifika Jumamosi asubuhi na kimkoba chake. Akamshika Kagwe kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo. Kisha akamwambia atoe ulimi.

"Ulimi wa nini? Huyu ameumia mgongo," nikasema.

"Ulimi hunieleza yaliyomo ndani, bibi. Baridi imemwingia, nguvu zake zimekwama njiani. Nitamtia sindano."

Sindano tuliijua, ile ya hospitali, yenye bomba na dawa. Nikampisha. Kumbe alizotoa zilikuwa nyembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe, hazina bomba wala tone la kitu.

"Na dawa iko wapi?"

"Dawa anayo mwenyewe mwilini. Mimi namfungulia njia tu."

Huyu ni mwongo, nikajisemea. Lakini Jumatatu ilikuwa karibu mno, nikafunga mdomo.

Kagwe akalala kifudifudi. Limu akadunga mgongoni, na juu ya kila sindano akawasha majani makavu yaliyosokotwa, moshi wake mchungu. Kila mahali moto ulipofika pakabaki kidoa chekundu. Mimi nilikuwa nahesabu. Alipofunga kimkoba nikaruka.

"Mugwanja! Wee mzee, utaachaje kwa saba?"

Akanitazama, hakuelewa. Nikamweleza kwamba kwetu saba ni hesabu ya laana, haiachwi hivyo. Na mwaka ule ilikuwa mbaya zaidi, maana watu walinong'ona kwamba kiapo cha watu wa msituni, waliopigana na Wazungu, kinaliwa kwa saba, kumeza mara saba, chale saba, na aliyekutwa nazo alikamatwa.

"Mama Gathoni, wacha mzee afanye kazi," Kagwe akasema, uso ukiwa kwenye mkeka.

"Siwachi! Atoe moja ama aongeze moja."

Limu akacheka. "Basi nane. Kwetu nane ina bahati." Akadunga ya mwisho katikati ya unyayo wa kulia. Hiyo hakuiwashia moto.

Jumapili Kagwe aliketi mwenyewe. Jumatatu jina lake lilipoitwa alisimama wima, akaitika kwa sauti mpaka nyapara akageuka. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikamtenga jogoo wangu mwekundu awe wa Limu.

Alhamisi wakaja homgadi, askari wenyeji wa serikali, na lori. Wanaume wakapangwa uwanjani bila mashati. Wagonjwa wawili waliokuwa vitandani walichunguliwa tu, wakaachwa. Askari mmoja alisimama nyuma ya Kagwe, akaanza kugusa vile vidoa kwa kidole, akihesabu kwa Kikuyu. Alikuwa mtu wa kwetu. Baada ya sita akaitaja ile ya saba kwa sauti ya chini.

"Ziko nane!" nikapiga kelele. "Angalia mguu! Ni sindano za Mchina, za mgongo!"

"Sindano za Mchina? Na dawa ni gani?"

"Hazina dawa."

"Sindano haina dawa?" Akawageukia wenzake, wakacheka. Hata mimi nilikuwa nimeuliza hivyo hivyo.

Hata hivyo akainua ule mguu. Unyayo wa Kagwe ulikuwa nyufa tupu, ngozi ngumu ya mtu asiyejua kiatu. Nilipiga magoti, nikautemea mate, nikausugua kwa leso yangu, nikatafuta tundu moja tu. Halikuwepo.

"Inatosha, Mama Gathoni," Kagwe akaniambia polepole.

Limu alikuwa Thika, zaidi ya maili kumi, na lori lilishawashwa. Wengine walisukumwa juu kwa vitako vya bunduki. Kagwe hakungoja kusukumwa. Alishika ubao, akainua mguu wa kulia, akapanda mwenyewe, mgongo umenyooka sawasawa kama nilivyomwomba Mungu.