Kaa la Udi

Bi Biubwa wa Gwata hakuhitaji daktari wa kumwambia ngozi ya mtu ina nini. Miaka thelathini ya kuwasugua wanawali ilikuwa imemfundisha. Choa alikijua kwa duara lake, utangotango kwa unga unaotoka ukiukwaruza kwa ukucha, upele kwa jinsi mtoto anavyojikuna katikati ya vidole. Chunusi za mwali alizicheka tu, akisema hizo dawa yake ni mume. Alikuwa na maringo, tuseme ukweli, na watu walimwachia maringo yake kwa sababu hakuwa akikosea.

Mwaka wa sabini na tano, watu wakiwa bado wanaezeka nyumba zao kwenye kijiji kipya cha ujamaa, alikabidhiwa Mboni, binti wa jirani, awe somo wake wa kumfunda unyago. Siku ya kwanza tu ya kumsugua kwa liwa aliona baka nyuma ya mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Lilikuwa limepauka, kavu, halina hata kinyweleo. Mboni alisema haliwashi. Biubwa akalikwaruza kwa ukucha, asione unga, lakini akatangaza kuwa ni utangotango sugu na kulipaka kiberiti upele kwa ndimu. Neno "sijui" halikuwa limewahi kumtoka mdomoni, na uzee haukuwa umempunguzia ubishi.

Siku tatu kabla ya mwali kutolewa nje, alipokuwa akimfukiza udi, chetezo kikayumba. Kaa likamwangukia Mboni palepale kwenye baka. Harufu ya ngozi inayoungua ikajaa chumbani, na mwali akabaki ameinamisha macho kama alivyofundwa, maana mwali hakunji uso wala halalamiki. Biubwa alilipangusa kaa huku machozi ya furaha yakimtoka. Akapiga vigelegele, akawaita wanawake waje waone mtoto aliyeungua asipepese jicho. Siku ya kumtoa, wimbo wa kumsifu ulikwisha tungwa, na aliyeutunga ni yeye mwenyewe. Sifa zile zilifika hadi Ruvu, na mama mmoja huko, aliyetaka mkamwana mvumilivu, akamposea mwanawe Twalibu.

Baada ya miaka mitatu Mboni alirudi Gwata peke yake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja, havinyooki. Alikuwa ameepua sufuria kwa mkono mtupu, asijue kama anaungua mpaka aliposikia harufu. Mama mkwe alikwisha mtengea kikombe na sahani, akabaki na mtoto wa Mboni, mwenye mwaka mmoja na nusu. Alimwambia aende kwa somo wake: Bi Biubwa akisema si ukoma, arudi kwa mumewe na mwanawe. Neno la Bi Biubwa lilimtosha.

Biubwa alisema mara moja kuwa ni mshipa. Akampeleka zahanati akatafute dawa ya kuchua, ili akirudi Ruvu awe na cha kuonyesha.

Mganga msaidizi, Leodegar, hakugusa dawa yoyote. Alimwambia Mboni afumbe macho, kisha akachukua unyoya wa kuku, akamwomba aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Mboni akaonyesha shingo. Akaonyesha bega. Unyoya ukapita juu ya baka, ukapita juu ya kovu la kaa, ukarudi tena, na Mboni akaendelea kungoja kwa adabu, macho amefumba. Biubwa aliona.

Leodegar akasema ni ukoma. Vidonge vipo, akisha kuanza kuvinywa hatamwambukiza mtu, lakini vidole vile havitanyooka tena. Angeletwa miaka mitatu nyuma, mkono ungepona. Kisha akauliza kovu lile limetokana na nini.

"Kaa la udi, nilipokuwa mwali," Mboni akasema. Akamgeukia Biubwa. "Somo, siku ile sikuvumilia. Sikusikia kitu. Mliponipigia vigelegele nikaona haya kusema."

Walirudi kwa miguu na kopo la vidonge. Biubwa alikuwa akitafuta maneno ya kupeleka Ruvu. Kusema uongo hawezi, kwa kuwa ndani ya nyumba ile kuna mtoto mdogo ambaye naye lazima apimwe. Na akisema kweli, watu wa Ruvu watalisikia jina la ugonjwa, hayo ya vidonge hawatayasikiliza. Alijua, kwani yeye mwenyewe hadi jana asingeyasikiliza.

"Utawaambia nini, somo?" Mboni akauliza.

"Nitawaambia ndiyo, ni ukoma," Biubwa akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Walipofika kisimani, wanawake waliokuwa wakichota maji walimtambua Mboni, wakafurahi, na mmoja wao akauanza ule wimbo wa mwali aliyeungua asipepese jicho. Wengine wakaupokea, wakimtazama Biubwa ili awaongoze. Hakufungua mdomo. Kando yake Mboni aliuficha mkono ndani ya khanga, akainamisha macho kama alivyofundwa.